Kadi za Shule ya Jumapili

MATRONI: Haloo? Ni nani? Namba hii siijui.

MAMA MCHUNGAJI: Haloo, haloo... unanipata? Ni mimi, Mama Mchungaji. Natumia simu ya shemeji, yangu inasumbua.

MATRONI: Nakupata. Kwa mbali.

MAMA MCHUNGAJI: Ngoja nisogee dirishani. Sasa je? Hujambo, dada yangu? Wasichana hawajambo bwenini?

MATRONI: Sijambo, Mama Mchungaji.

MAMA MCHUNGAJI: Heh. Miaka sita tuko pamoja hapo shuleni unaniita dada. Nimekuja kwetu likizo miezi miwili tu, nimeshapandishwa cheo?

MATRONI: [kimya]

MAMA MCHUNGAJI: Haloo? Imekatika?

MATRONI: Haijakatika. Niko stoo, nakunja mashuka.

MAMA MCHUNGAJI: Kazi yetu ile. Siku hizi nani anakushikia pembe za upande wa pili?

MATRONI: Nakunja peke yangu.

MAMA MCHUNGAJI: Pole, mwezi ujao nipo. Sikiliza, sikucheleweshi. Boksi la kadi limefika? Watoto wa Shule ya Jumapili hapa kwetu wananiganda kama kupe. Kadi wamechora wenyewe, kila mmoja alichagua jina la msichana mmoja wa kumwandikia na—

MATRONI: Limefika.

MAMA MCHUNGAJI: Mungu ni mwema. Basi nina kaombi kadogo. Nipigie picha moja. Wasichana wasimame mbele ya bweni, kila mtu na kadi yake mkononi. Makanisa yaliyotutuma yanapenda kuona. Kidoti umweke katikati, maana yule mdogo wako akicheka—

MATRONI: Kidoti hayupo.

MAMA MCHUNGAJI: Anaumwa?

MATRONI: Aliondoka juzi. Alifunga begi akatoka, hakumwomba mtu ruhusa.

MAMA MCHUNGAJI: Kidoti huyu huyu? Anayetaka kusindikizwa hata zahanati? Amekwenda wapi?

MATRONI: Nyumbani. Kwa mama.

MAMA MCHUNGAJI: Kuna msiba?

MATRONI: Mama Mchungaji, naomba nikuulize kitu. Unaikumbuka siku mvua ilipotufungia humu stoo, mimi na wewe?

MAMA MCHUNGAJI: Naikumbuka. Tulikunja mashuka ya bweni zima.

MATRONI: Nilikwambia nini?

MAMA MCHUNGAJI: Yale si ya kusemea kwenye simu, dada. Shemeji yuko hapo sebuleni.

MATRONI: Leo ndiyo unamwogopa shemeji? Sema.

MAMA MCHUNGAJI: Kwamba... Kidoti si mdogo wako. Kwamba ulimzaa wewe, ukiwa na miaka kumi na mitano, mama yako akamchukua akamlea kama wake.

MATRONI: Na wewe ukasema nini?

MAMA MCHUNGAJI: Niliahidi litabaki humo humo.

MATRONI: Baada ya chakula cha mchana, juzi, naibu mwalimu mkuu aligawa kadi. Pale bwaloni. Raha tupu, wasichana wamepanda juu ya mabenchi, kila mmoja anasoma ya kwake kwa sauti, wenzake wanapiga makofi. Ikafika zamu ya Kidoti. Unamjua, akishapata wasikilizaji huyo—

MAMA MCHUNGAJI: Namjua.

MATRONI: —akapanda mezani kabisa. Kadi ina ua jekundu. "Mpendwa Dada, mimi nina miaka tisa. Ninakuombea kila siku. Naomba usilie sana siku utakapoambiwa kwamba matroni ndiye mama yako."

MAMA MCHUNGAJI: Yesu wangu.

MATRONI: Nadhani aliona mapema linakokwenda. Sauti ilianza kumpotea. Lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia.

MAMA MCHUNGAJI: Dada, mimi... Na wewe ulikuwa wapi?

MATRONI: Mlangoni. Na jagi la maji mkononi.

MAMA MCHUNGAJI: Naapa sikujua watoto wataandika... Mwalimu wao alipaswa kuzipitia. Nilimwambia kabisa, azipitie zote—

MATRONI: Mtoto wa miaka tisa alijuaje?

MAMA MCHUNGAJI: [mikwaruzo] ...nini? Sikusikia.

MATRONI: Umesikia.

MAMA MCHUNGAJI: Ile barua ya maombi. Unajua kila mwezi tunawaandikia makanisa yetu, tunaeleza kazi inaendaje, tunaomba watuombee. Mwezi ule mambo yako yalikuwa yamenielemea. Nilikuwa nalia, hata Baba Mchungaji akaniuliza nina nini. Akasema mzigo kama huo tusiubebe sisi wawili tu. Lakini jina lako sikuandika, Mungu shahidi. Niliandika tu "matroni wetu."

MATRONI: Shule ina matroni wangapi?

MAMA MCHUNGAJI: Mmoja.

MATRONI: Na jina la Kidoti?

MAMA MCHUNGAJI: La kwanza tu. La ukoo sikuliweka.

MATRONI: Kwa nini hata hilo la kwanza?

MAMA MCHUNGAJI: Watu wanaomba vizuri zaidi wakiwa na jina. Ndivyo tunavyofanya siku zote, si wewe peke yako. Ilikuwa ni kwa upendo, dada yangu, si umbea—

MATRONI: Umbea ningeuelewa. Mpishi angelisema jikoni, wangecheka, wangechoka, yakapita. Ninyi mmepiga chapa.

MAMA MCHUNGAJI: Usinihukumu hivyo.

MATRONI: Zilikwenda wapi hizo barua?

MAMA MCHUNGAJI: Kwa makanisa yanayotutegemeza. Ni... mengi kidogo.

MATRONI: Na shemeji yako huyo wa sebuleni? Amesoma?

MAMA MCHUNGAJI: Amesoma.

MATRONI: Makubwa haya. Watu nisiowajua, wa nchi nisiyoijua, wanajua tumbo langu. Asiyejua alikuwa mtoto peke yake.

MAMA MCHUNGAJI: Nisamehe. Nakosa hata maneno.

MATRONI: Maneno mimi nilikuwa nayo. Nilipanga nimwambie siku atakayomaliza kidato cha nne. Nimekuwa nikiyasema nikipiga pasi, nikifagia, nayapanga upya. Miaka yote hiyo nilikuwa na neno moja tu langu la kumpa yule mtoto. Mmelisema ninyi, kwenye kadi ya ua jekundu. Limeniuma jambo hili, siwezi kukuficha. Limeniuma kuliko hata siku walipomtoa mikononi mwangu.

MAMA MCHUNGAJI: [analia] Nitarekebisha. Niambie nifanye nini, nitafanya.

MATRONI: Kuna zaidi ya barua?

MAMA MCHUNGAJI: Zaidi vipi?

MATRONI: Nakuuliza wewe.

MAMA MCHUNGAJI: Baba Mchungaji... tukiwa likizo huwa anazunguka makanisani kutoa ushuhuda wa kazi. Anaonyesha na picha, ukutani. Kuna ile yako unamsuka Kidoti kwenye ngazi za bweni.

MATRONI: Uliniambia ni ya ukumbusho.

MAMA MCHUNGAJI: Ilikuwa ya ukumbusho. Halafu ikawa... watu wanaguswa sana wakiiona, dada. Kuna mama mmoja alisimama, na yeye akamtafuta mwanawe aliyemwacha—

MATRONI: Ataisimulia tena lini habari yangu?

MAMA MCHUNGAJI: Jumapili hii. Kanisa kubwa.

MATRONI: Asiisimulie.

MAMA MCHUNGAJI: Nitaongea naye.

MATRONI: Sikukuambia uongee naye. Nimesema asiisimulie.

MAMA MCHUNGAJI: Ratiba imeshatolewa, kichwa cha ushuhuda kimeshatangazwa... Ngoja, yuko hapa nje, anaongea na wazee wa kanisa. Nitaongea naye, nakuahidi.

MATRONI: Unaniahidi.

MAMA MCHUNGAJI: Usiseme hivyo. Haloo? Unakatika...

MATRONI: Sikatiki. Nimenyamaza.

MAMA MCHUNGAJI: Na mama yako? Amepiga?

MATRONI: Jana. Amesema Kidoti amejilaza, amegeukia ukutani, hali chochote. Akaniuliza, "Umemwambia nani?" Mama hajui barua ya maombi ni kitu gani. Nilishindwa hata kumweleza.

MAMA MCHUNGAJI: Nipe namba ya Kidoti, nimwombe radhi mwenyewe.

MATRONI: Tangu ajue kusema ananiita dada. Juzi alinikuta hapa mlangoni, begi begani, akasema "nipishe." Basi. "Nipishe," kama mtu wa foleni. Hakuwa na la kuniita.

MAMA MCHUNGAJI: Atarudi. Damu ni—

MATRONI: Subiri. Kuna simu inaingia.

MAMA MCHUNGAJI: Ni mama?

MATRONI: Si mama. Ni namba ya Kidoti.

MAMA MCHUNGAJI: Usipokee kwanza. Tuombe, dakika moja tu. Ngoja nimwite Baba Mchungaji—

MATRONI: Usimwite mtu.

MAMA MCHUNGAJI: Basi mimi mwenyewe. Bwana, tunamleta mbele zako binti huyu, pamoja na mama yake—

MATRONI: Acha.

MAMA MCHUNGAJI: Dada, huwezi kuingia kwenye mazungumzo kama hayo bila Mungu—

MATRONI: Huyo Mungu nitamwambia mwenyewe. Napokea.

[Simu imekatwa.]