Maziwa Lala na Vidonge: Miaka Ishirini na Minne ya Bi. Beth Wakesho

Alhamisi, tarehe 30 Juni 1988, Bi. Beth Wakesho anastaafu kutoka kituo chetu cha afya hapa Voi. Aliajiriwa Februari 1964 kuwa msaidizi wa lishe, na tangu hapo hajaondoka ila kwa likizo na uzazi. Mimi ninayeandika ni Saadiya wa chumba cha dawa. Mlango wangu unatazamana na wake, na kwa miaka kumi na sita tumebishana juu ya kila kitu isipokuwa chai.

Bi. Beth ni mzaliwa wa Bura, akasoma huko huko kwa masista. Alipoanza kazi, alipewa mizani ya kupimia watoto na meza iliyopungua mguu mmoja. Mguu aliutafuta mwenyewe. Mwaka uliofuata alikuwa tayari anazunguka na kliniki ya gari, Bura leo, Kasigau kesho, akifundisha akina mama kupika kimanga, yaani mseto wa kupondwa wa mbaazi na mihogo, kwa ajili ya watoto waliokwisha kuachishwa ziwa.

Lakini somo lililompa jina ni maziwa lala. Alifundisha watu kuchemsha maziwa kwanza, kuyaacha yapoe, kisha kutia kijiko cha mgando wa jana na kufunika sufuria kwa kitambaa safi. Wazee walilalamika kwamba maziwa yaliyochemshwa yamekufa na hayagandi. Akawaonjesha, wakaomba kuongezwa. Dereva wetu Katuku bado anakumbuka dumu lililopasuka kwenye mashimo ya barabara ya Kasigau, na anaapa kwamba kiti chake kilinuka hadi Krismasi. Watu walianza kumwita Mama Maziwa, naye akaitika.

Alikuwa na ulimi mtamu, na hapo ndipo penye kisa ambacho yeye mwenyewe ameniagiza nisikiache. Alisema wasifu usio na kosa ni wa maiti, na yeye bado yu hai.

Mwaka 1979 alikuwa akiwaambia watu kwamba maziwa lala hutuliza tumbo, hutia nguvu, na hata presha huishusha. Alisema hivyo kwa sababu alikuwa ameona wazee wengi wanaoyanywa wakiwa wazima. Kijijini Makwasinyi, Mzee Phineas, ambaye tulikuwa tukimpa vidonge vya presha, alilisikiliza somo hilo kwa makini. Akapiga hesabu ya mtu mwenye busara: kama maziwa yanashusha presha, na ng'ombe ni wake, vidonge vya nini? Akawa anakunywa bilauri tatu kwa siku na vidonge akaviacha.

Nami nina sehemu yangu. Vidonge vya Makwasinyi nilivifunga mimi kila mwezi, na miezi mitatu mfululizo vya Phineas vilirudi Voi na gari la kliniki kama vilivyoondoka. Niliviona. Nikadhani amesafiri, nikavirudisha kwenye kopo.

Mwezi wa nne kiharusi kilimwangusha shambani kwake mchana kweupe. Hakufa, tunamshukuru Mungu, lakini mkono wa kulia haukurudi. Mkewe, Jerusha, alituma ujumbe kwamba kliniki isikanyage tena pale, na kijiji kizima kilikuwa upande wake. Wajawazito wa Makwasinyi wakaacha kupimwa, watoto wakakosa chanjo. Bi. Beth akaandika barua ya kuacha kazi. Mkubwa wetu aliisoma, akamrudishia, akamwambia aende Makwasinyi kwanza, kisha akiitaka bado ailete.

Alikwenda. Gari liliharibika njiani, na mwendo uliobaki aliutembea kwa miguu na Katuku nyuma yake. Katuku ndiye aliyenisimulia. Watu walikusanyika wakiwa wamenuna, wala hakuna aliyemkaribisha kiti. Bi. Beth hakumlaumu mzee kwa kutoelewa. Alisema, "Niliwafundisha nusu tu. Nusu nyingine, kwamba maziwa si badala ya vidonge, niliificha kwa kupenda kusifiwa. Kosa ni langu, si la Mzee Phineas."

Jerusha hakumjibu siku ile. Wala mwezi uliofuata, wala uliofuata huo, ingawa Bi. Beth alikwenda kila mara kumsaidia mgonjwa kuunyoosha mkono. Barua hakuileta tena kwa mkubwa.

Tangu hapo hakuna aliyesikia sifa ya chakula kutoka kwake bila onyo lake. Mwenye presha asiache vidonge. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kabla ya kuongeza maziwa, nyama au maharagwe. Mtoto anayevimba mdomo au kutokwa na vipele akinywa maziwa, asilazimishwe.

Mwaka 1984 alipelekwa semina Mombasa. Huko mtaalamu aliwaeleza kwamba protini ya maziwa ni kama uzi mrefu wa shanga. Maziwa yakiganda, vijidudu huukata uzi huo vipande vifupi, viitwavyo peptidi, na baadhi yavyo huenda vikasaidia mishipa ya damu kulegea. Kumbe aliyoyaona kwa wale wazee waliokuwa wakiyanywa hayakuwa bure kabisa. Mtu mwingine angerudi Voi akijigamba. Bi. Beth aliinua mkono akauliza: na mtu akiacha vidonge kwa sababu hiyo? Mtaalamu akakiri kwamba utafiti bado ni mchanga, na chakula hakijachukua nafasi ya dawa. Jibu hilo aliliandika kwenye daftari, akalipigia mstari mara mbili.

Mwezi uliopita alikwenda Makwasinyi kuaga, nami nikaomba kufuatana naye. Aliposimama kufundisha, Jerusha alimshika bega akamkalisha, kisha akafundisha yeye. Alianza na kuchemsha maziwa, akamaliza hivi: "Maziwa kunyweni. Vidonge msiache. Anayetaka kuviacha, aje kwanza autazame mkono huu." Mzee Phineas, aliyeketi kando yake, aliuinua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto ili wote wauone. Bi. Beth alikaa chini pamoja na wanafunzi akilia waziwazi.

Dada Beth, sisi wenzako tunakushukuru kwa watoto uliowapima na kwa masufuria yote uliyoyafunika. Mimi nakushukuru zaidi kwa safari ile ya miguu. Gari lilipoharibika ungeweza kurudi Voi, na hakuna ambaye angekulaumu. Sasa vidonge vikirudi kutoka kijijini, sivitii tena kwenye kopo. Naulizia mwenyewe ni nani aliyeviacha. Nenda Bura salama, Mungu akupe siku nyingi na watu wa kuzifurahia pamoja nawe.