Hiyo ni Salamu, Sasa Nipe Jibu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Naona mmeitikia kwa nguvu, asanteni. Ila kaeni vizuri kwenye viti, maana nimekuja kushukuru na nimekuja na hasira, na vyote viwili nimeviombea.

Mnanifahamu. Mimi ni Mama Neema wa Adelphi, dereva wa basi la shule. Jumamosi ile nilikuwa natoka Springfield kwenye kikao cha harusi, sahani ya pilau iko kiti cha pembeni, nikagongwa na gari lililohama njia bila kuangalia. Mkanda ndio ulionizuia nisitokee kioo cha mbele. Mkanda huohuo ulinibana tumbo likabaki na mstari wa zambarau kutoka nyonga hii hadi ile. Nikakimbizwa hospitali, kitengo cha majeruhi. Wakanipiga picha, wakasema mbavu zimevunjika, tumboni hakuna kinachoonekana, ila nilale pale niangaliwe.

Asubuhi tumbo likaanza kuuma. Lakini kila aliyeingia kuniuliza naendeleaje, nilimjibu naendelea vizuri, namshukuru Mungu. Ndugu zangu, mimi nimelelewa Tabora. Mtu akikuuliza habari, unajibu nzuri kwanza, mengine baadaye. Na mgonjwa anayelalamika mbele ya wageni tunamwona hana imani. Ndivyo tulivyo, na nusura nizikwe kwa sababu hiyo.

Mchana mkaja. Mlitoka ibadani moja kwa moja, chumba kikajaa, wengine mkasimama kwenye korido na mabakuli ya wali. Upendo wenu naujua na sitausahau. Mkaanza kuimba, nami nikaimba nanyi huku nimeuma meno.

Hapo akaingia Yvonne. Mama Mmarekani mweusi, mrefu, miwani inaning'inia shingoni. Ni nesi, lakini hapa Marekani wana manesi wanaoitwa NP, waliosoma hadi ngazi ya kumpima mgonjwa wenyewe, kuagiza picha na kuandika dawa. Pale kwa majeruhi kazi yake ni kumrudia kila aliyelazwa jana, kuanzia utosini hadi kidole cha mguu, kutafuta kile kilichopita bila kuonekana kwenye zile purukushani za kwanza. Akawaomba kwa upole mtoke kidogo anipime.

Mkafanya nini? Mzee Josia, uko hapo mbele, nakuheshimu kama baba yangu, na leo sitakuficha. Ulisoma kitambulisho chake kifuani ukasema, "Huyu ni nurse tu. Sisi tunataka doctor. Ama ni kwa sababu sisi ni Waafrika?" Mwingine, ndugu yetu wa Kongo, akadakia, "Docteur iko wapi? Jana walishamuangalia, leo tena ni nini?" Mkamwambia asubiri nje mmalize kuomba. Mtu aliyekuja kuniokoa aliambiwa asubiri kwenye korido, na waliomwambia ni watu wangu. Linanichoma hadi leo.

Alikuwa na wagonjwa wengine, angeweza kuondoka na mngebaki na wimbo wenu. Hakuondoka. Alisimama mlangoni hadi mkasema amina, akapita katikati yenu, akafika kitandani akaniambia kwa Kiswahili, "Habari gani, mama?" Kumbe alikisoma chuoni. Mkayacheka matamshi yake. Nami nikajibu nilivyofundishwa, "Nzuri sana, namshukuru Mungu."

Yeye hakucheka. Akasema, "Hiyo ni salamu. Sasa nipe jibu."

Nikavuta shuka hadi kidevuni. Macho yote yenu yalikuwa kwangu, nikaona aibu. Basi akaacha kuniuliza. Akakisukuma kitanda kwa nyonga yake, kidogo tu, kama mtu aliyejikwaa. Ndugu zangu, nilipiga yowe ambalo sikulipiga hata siku namzaa Neema. Akaligusa tumbo, lilikuwa gumu kama ubao. Akageuka akawaambia tokeni wote, na safari hii hakuwaomba.

Ni yeye aliyeagiza picha nyingine. Ni yeye aliyempigia daktari wa upasuaji na kumwambia jambo hili halingoji. Utumbo ulikuwa umetoboka pale mkanda uliponibana, tundu dogo ambalo picha ya kwanza haikuliona, na uchafu ulikuwa unamwagika tumboni. Daktari aliniambia baadaye kwamba tungengoja hadi kesho yake, huenda angekuwa anaongea na mume wangu peke yake.

Sasa nimetoka hospitali, nafungua simu, nakuta kisa changu kwenye kundi letu la WhatsApp. Eti tuliimba, shetani akaachia. Eti madaktari walishangaa. Nani alishangaa? Nimesoma juu hadi chini, jina la yule mama sikuliona, hata neno nesi sikuliona. Mlimwomba Mungu atume msaada. Msaada ukatumwa, ukafika mlangoni, mkauambia usubiri mmalize kuuomba.

Na nusu ya kwaya hii mnavaa sare za hospitali na nyumba za wazee! Mnakuja hapa mnalia kwamba mgonjwa kakudharau, kasema lete mwenye akili. Mnajua inavyouma. Mbona mlimfanyia mwenzenu?

Sisemi maombi ni bure. Mungu aliyasikia, ndiyo maana nimesimama mbele yenu na mshono wangu. Namshukuru yeye kwanza, namshukuru Yvonne kwa jina lake, na nyinyi pia nawashukuru, pamoja na ule wali ambao sikuruhusiwa kuula. Mwamini Mungu, ndugu yangu, mwamini kwa moyo wote. Na ukimwamini, mfungulie mlango yule anayemtuma, hata kama hafanani na uliyemtarajia. Semeni panapouma.

Nilitaka niishie hapo. Lakini Mzee Josia, leo nimekuona ukipanda ngazi za kanisa. Ulisimama katikati, umeshika chuma, mkono mwingine kifuani, jasho linakutoka na nje kuna baridi. Nikakuuliza habari yako, mzee wangu, ukaniambia salama.

Hasira yangu nimeiacha hapa madhabahuni. Gari langu liko mlangoni, na hospitali naijua njia yake. Wengine endeleeni kuomba, tutawasikia hukohuko.

Mzee wangu, ile ilikuwa salamu. Sasa nipe jibu.