Mashine ya Kuchua na Mguu Wangu wa Kushoto

Nawasalimu kwa upendo, wapakiaji wenzangu, na mama zetu wa chakula mlioketi pale nyuma. Mwenyekiti wa kikundi chetu amenipa dakika kumi za kutoa ushuhuda. Mnanijua, kwa hiyo mwenye sufuria jikoni akapunguze moto kwanza.

Nimesimama hapa kwa miguu miwili. Ndugu zangu, nawaambia, mwaka jana wakati wa mavuno ya mahindi nilikuwa na mmoja tu, na ule wa pili niliuharibu mwenyewe, kwa mikono yangu, nikiwa na akili timamu.

Kazi yetu hamhitaji kusimuliwa. Lumbesa lile, gunia lililojazwa mpaka likavalishwa kilemba, unalitoa ghalani, unapanda ubao, unalitua juu ya lori la fuso, unarudi kuchukua lingine. Ikifika jioni miguu imekaza hata kuchuchumaa chooni ni mtihani. Msinicheke, wote mnajua.

Ndipo nikasikia habari za mashine ya kuchua misuli, ile inayoshikwa kama drili, yenye kichwa kinachogongagonga mwilini. Nikavuka mpaka wa nchi kwenda Nakonde. Muuza duka akanisalimia kwa lugha ya kwao, "Mulishani, bakalamba," yaani habari yako mzee, nikaitikia, "Bwino," nzuri, akaniwekea mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa na sauti ndogo, unaweza kupandisha na kushusha mwendo, ina vichwa vinne na karatasi ya maelezo. Ya pili ilikuwa na mwendo mmoja tu, na alipoiwasha iliunguruma mpaka wateja wakageuka.

"Bakalamba, chukua hii ya taratibu," akasema. "Ile inapata moto haraka, halafu haina hata karatasi."

Mimi nikaona ananichezea. Inayounguruma ndiyo yenye nguvu! Nikaibeba ile ya kelele, tena kwa majigambo.

Sasa mjue nilikolelewa. Kwetu kijijini Ruanda, kule Mbozi, mtoto akiumia mguu mama anachemsha maji, anapaka mafuta, anachua. Ukitoka hapo hujalia, majirani wanauliza kama kweli umechuliwa. Nikakua nikiamini kwamba kuchuliwa bila machozi ni kupapaswa tu.

Asubuhi moja ubao ulikuwa na umande. Mguu wa kushoto ukateleza, nikajizuia na gunia likiwa mgongoni, nikasikia paa! kwenye shavu la mguu, kama nimepigwa jiwe. Nikageuka kumtafuta aliyenirushia. Hakukuwa na mtu. Kufika mchana mguu umevimba.

Badala ya kutulia, nikakaa juu ya magunia nikawasha mashine. Mnakumbuka, mlikuwepo. "Kandamiza, kamanda!" mkanishangilia, nami nikakandamiza kwa mikono miwili, mahali palepale, mpaka betri ikaisha. Machozi yakanitoka. Nikafurahi, nikajua dawa inaingia.

Kesho yake shavu la mguu lilikuwa jeusi, limekaza, la moto. Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, huo mguu unaupiga hivyo umekukosea nini?" Nikamwambia aniache, mambo ya misuli hayajui. Nikachaji, nikaendelea. Siku ya tatu nikashindwa kukanyaga. Mkanibeba mpaka kwenye bajaji, nyie nyie wa "kandamiza", na safari hiyo hakuna aliyecheka.

Hospitalini daktari aliugusa kidogo tu, nikaruka. Akasema nipimwe haraka kama damu imeganda kwenye mshipa, maana donge likitoka mguuni likafika kwenye mapafu, mtu anaondoka. Niliogopa, ndugu zangu. Sikuogopa kufa kama nilivyoogopa kubaki kitini miaka yote, nikimtazama mke wangu anatoka kwenda kunitafutia chakula. Niliomba pale kitandani sala fupi isiyo na mpangilio.

Mungu ni mwema, damu haikuwa imeganda. Msuli ulikuwa umechanika, na mimi kwa kuugonga nikaufanya uvuje zaidi kwa ndani. Wakanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mpole, umri wa binti yangu.

"Baba, ulipoona inauma hivyo, mbona hukuacha?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba kwetu kuchua lazima kuume, na mama yangu ameshachua kijiji kizima. Hakubishana. Akasema, "Basi mpigie mama, tumsikie."

Nikapiga, nikaweka sauti ya juu makusudi, ili dada wa watu aaibike. Mama akasikiliza mpaka nikamaliza.

"Mwanangu, nani kakwambia mimi nachua uvimbe mbichi? Siku za kwanza nilikuwa nakuwekea kitambaa cha maji ya baridi, nakulaza, mguu juu ya mto. Kuchua kulikuja baadaye, uvimbe umeshashuka. Na vidole vyangu vilikuwa vinasikia. Ukikaza, naacha. Wewe umekumbuka kulia kwako tu."

Aliyeaibika nilikuwa mimi. Yule dada akanishika bega, akasema mashine haina vidole, kwa hiyo mwenye mwili ndiye anayepaswa kusikia kwa niaba yake. Siku hiyo ndiyo niliyoanza kupona, ingawa mguu ulichukua wiki nyingi: kupumzika, halafu mazoezi ya kuinua kisigino nikishikilia mlango, watoto wakinihesabia na kuniibia hesabu.

Leo nabeba. Na mashine ninayo, ile ya taratibu. Muuza duka alinicheka sana niliporudi. Naitumia baada ya kazi, mwendo wa chini, kichwa laini, naitembeza juu ya nyama dakika moja au mbili, kisha nahamia pengine. Siikandamizi. Mfupani siipeleki, shingoni wala kwenye uti wa mgongo siipeleki, kwenye kidonda au mishipa iliyovimba ndiyo kabisa. Ikichoma au ikitia ganzi, nazima. Wenye ujauzito, wenye kisukari na wanaomeza dawa za kuzuia damu kuganda, muulizeni daktari kabla hamjaigusa. Na tunaoazimana, jamani, tukifute kile kichwa, jasho la mwenzako si mafuta.

Namshukuru mke wangu, aliyenilisha miezi ile bila kunikumbusha nilivyomjibu. Namshukuru mama, na yule dada wa mazoezi. Nawashukuru na nyinyi mliokuwa mnakuja kunitembelea na kunisimulia uongo wa kazini ili nicheke. Somo langu ni dogo: msuli uliochoka unachuliwa, msuli ulioumia unapelekwa kwa daktari. Kama hujui ni upi, usiwashe.

Nimalizie. Kuna mwenzetu humu, simtaji, tangu tumeingia ameuficha mguu chini ya benchi. Jana aliteleza. Nimeuona ulivyovimba, na nimeiona mashine kwenye mfuko wake. Ndugu yangu, usinikasirikie. Tukimaliza sala ya kufunga usiende nyumbani, nisubiri hapo mlangoni. Tunakwenda hospitali wote wawili. Mguu wa kukusindikiza sasa ninao.