Meno Hayaazimwi: Maisha ya Nashilu Sifaeli Kaaya (1984–2025)

Bwana Yesu asifiwe. Wachungaji, wazee wa ukoo hapa Kikwe, wazee wetu tuliotoka nao Kikatiti, na ninyi mliosimama huko nyuma kwenye migomba, poleni kwa msiba, poleni na jua. Historia hii inasomwa na Gidion Sifaeli, mdogo wake marehemu, kwa niaba ya familia aliyozaliwa, na ieleweke mapema kwamba jana jioni Gidion aliombwa aifupishe, hasa pale kwenye ugonjwa, akaitikia kwa heshima, kisha akaiacha kama ilivyo.

Marehemu Nashilu Sifaeli Kaaya alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 huko Kikatiti, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Sifaeli Kaaya na Mama Naserian, akabatizwa mwaka huohuo, akaanza darasa la kwanza mwaka 1992 na kumaliza la saba mwaka 1998, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2002, na waliosoma naye waliopo hapa wanakumbuka kicheko chake, ambacho mwalimu wa zamu alikisikia akiwa ofisini na kujua darasa gani halina mwalimu.

Mwezi Januari 2004 aliajiriwa kwenye shamba la maua upande wa Usa, akaanza kama mkataji wa waridi, na mwaka 2011 akapandishwa kuwa msimamizi wa banda la kufungashia, kazi aliyoifanya mpaka siku aliyoanguka.

Tarehe 22 Desemba 2007 alifunga ndoa takatifu na Philemoni Akyoo, kitinda mimba wa nyumba hii, na kwa kuwa kwa mila yetu Wameru kitinda mimba ndiye anayebaki na mama, Nashilu aliishi boma moja na mama mkwe wake, Bibi Rachel, miaka yote ya ndoa, wakapatana vizuri, wakalima pamoja, wakacheka pamoja, na hilo linasemwa hapa kwa sababu ni kweli. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lesian, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2009, na Naisula, aliyezaliwa tarehe 19 Septemba 2012.

Sasa tunafika pale tulipoombwa tupite haraka. Mwaka 2017 marehemu alianza kuumwa taya, hapa mbele ya sikio, akiamka asubuhi kichwa kinagonga na mdomo haufunguki vizuri, na Philemoni alipowaeleza watu kwamba mkewe anasaga meno usingizini, wengi walisema ni minyoo, kwa hiyo mama wa watoto wawili akanyweshwa dawa za minyoo kama mtoto wa chekechea. Mwaka 2018 akang'olewa gego la kwanza, mwaka 2019 la pili, yote mazima, jamani, mazima kabisa, na maumivu yakabaki palepale. Kwaya akaiacha, kwa sababu taya lilikwama katikati ya wimbo, makande yakamshinda, akawa anaishi kwa loshoro, yale mahindi laini ya maziwa mgando, na uji, na ili aweze kwenda kazini akawa anameza diklofenaki, vidonge vya maumivu vya duka la dawa, asubuhi na jioni, mara nyingi tumbo likiwa tupu.

Mwezi Agosti 2021 alikwenda mjini Arusha kwa daktari wa meno, Daktari Agnela, ambaye yupo hapa na tunamshukuru, naye ndiye wa kwanza kumwambia kwamba hana jino bovu wala minyoo, bali anabana meno kwa nguvu usiku kucha, na misuli na kiungo cha taya havipati kupumzika. Alimng'atisha kitu laini kama donge la chapati ili kuchukua umbo la meno yake, akamtengenezea kinga ngumu ya plastiki ya kuvaa wakati wa kulala, akaikwangua kidogo kidogo kila aliporudi, mpaka meno ya juu na ya chini yakawa yanaigusa sawasawa pande zote. Daktari hakumdanganya kwamba ni muujiza, alimwambia itachukua wiki kadhaa, na alimwonya kwamba kinga ile ni ya kinywa chake peke yake. Ilipofika Krismasi ya mwaka huo Nashilu alikula makande, akarudi kwenye sauti ya pili ya kwaya, na vidonge akaviacha. Mwaka mzima na zaidi dada yetu alilala kama watu wengine wanavyolala.

Bibi Rachel naye alikuwa na maumivu ya taya, hakuna anayebisha. Tarehe 26 Desemba 2022, watoto wote wa nyumba hii wakiwa wamerudi kula sikukuu, kilikaa kikao cha ukoo, na shemeji Solomoni, mkubwa wa nyumba, akauliza ni mkwe gani anayelala kwa raha huku mama analia chumba cha pili, akatoa na methali, kwamba kizuri kula na nduguyo. Haya. Methali ni nzuri, tena tumelelewa nayo, tunaazimana jembe, tunaazimana sufuria, tunaazimana hata suti ya harusi, lakini meno hayaazimwi. Nashilu alieleza alichoambiwa na daktari, akaambiwa daktari hajui mila. Philemoni, shemeji yetu tunayempenda, alitazama chini.

Nashilu akaitoa kinga yake, akaikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima. Haikuingia kwenye kinywa cha Bibi, ikakwanguliwa kwa tupa, haikuingia, ikachovywa kwenye maji yanayochemka, ikajikunja, ikamchana Bibi fizi, na kesho yake haikuwa ya Bibi wala ya Nashilu. Bibi mwenyewe alimsihi akatengeneze nyingine, akamwambia mwanangu, wamekosea, nenda. Solomoni akatangaza kwamba mkwe atakayetengeneza ya pili atakuwa anasema mama ana kinywa kichafu. Nani angethubutu? Nashilu hakuthubutu. Alirudi duka la dawa.

Alimeza vidonge miaka miwili na miezi mitano. Tumbo likaanza kumchoma, akasema ni pilipili. Tarehe 4 Juni 2025 alitapika damu akiwa banda la kufungashia, wenzake wakambeba wakamfikisha hospitali, akaongezewa damu, madaktari wakapambana, na Ijumaa tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi, akafariki. Walituambia wazi kwamba vidonge vilimtoboa tumbo. Kwa hiyo anayesema amerogwa, tafadhali anyamaze leo, na anayesema ni kazi ya Mungu asimsingizie Mungu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika siku tano bila kuitwa, kwaya, na wafanyakazi wa shamba la maua waliotoa damu yao bila kuulizwa ni ndugu wa nani. Tunamshukuru Bibi Rachel, ambaye tangu Ijumaa amekataa kula. Mama, kula, hatuna neno na wewe. Kikao cha tarehe 26 Desemba hatukukiandikia shukrani.

Jambo la mwisho. Naisula ameanza kusaga meno, shangazi aliyelala naye msibani amemsikia. Jumatatu mjomba wake, Gidion, anampeleka kwa Daktari Agnela, baba yake amekubali, safari hii amekubali kwa sauti, na kitakachotengenezwa ni cha Naisula. Ukoo usikae kikao.

Dada Nashilu, ulitoa mpaka usingizi wako, wewe ukaitwa mkwe mwema. Hapo ulipo hakuna wa kuja kukuomba chochote, pumzika kwa amani.