Ukumbi wa Reli Ndani ya Hedifoni

Kijiwe cha Thies kipo penye kibanda cha kahawa ya Touba, na kama kuna kijiwe Senegal nzima kinachojua muziki kuliko hiki, bado hakijazaliwa. Asubuhi ile Medoune, maarufu Tarumbeta, alikuwa kavaa hedifoni, kikombe kimempolea mkononi. Ukumbi wa wafanyakazi wa reli alimopiga tarumbeta ujana wake wote ulishabomolewa. Ila kabla tingatinga halijafika, bintiye Yacine, fundi wa sauti, aliingia mle akapasua maputo na kurekodi mwangwi wake. Sasa kompyuta ilikuwa inaupitisha mwangwi ule kwenye wimbo wa zamani wa babake. Daktari kasema masikio ya mzee yanaaga. Alitaka ausikie ukumbi mara moja tu, kabla ya kimya.

— Enhe? — aliuliza Waziri, ambaye hajawahi kuchaguliwa hata ujumbe wa mtaa.

— Siyo wenyewe. Hiki kisima.

— Baba, ni ule ule! Nimeurekodi mwenyewe.

— Kosa ni maputo, — alisema Bati, muuza mabati. — Ukumbi wa reli unapigiwa king'ora cha treni, siyo vitu vya sherehe za watoto!

— Wapi! — alidakia Waziri. — Umekosekana moshi. Tulivuta sigara mle mpaka kuta zikakohoa. Moshi ndio uliokuwa unalainisha sauti.

— Nyie hamjui, — alisema muuza kahawa. — Zile kuta zilikuwa zinamjua Tarumbeta. Akiingia mwingine, zinanuna!

Tarumbeta hakucheka. Alivua hedifoni taratibu, kama mtu anayemfunika maiti.

Dereva wa lori kutoka Kaolack, aliyeketi tu kungoja kahawa yake, akakohoa.

— Samahani, wazee. Binti karekodi ukumbi mtupu. Nani kati yenu aliwahi kuusikia mtupu?

Hakuna aliyewahi; hata mazoezi bendi ilifanyia uani. Waziri akachungulia kikombe chake.

— Jamani! — Yacine akaivuta kompyuta. — Watu na nguo hunywa sauti. Naweza kuwaweka humu. Nani alikaa wapi?

— Mafundi wa karakana, mlangoni!

— Wanawake ukutani, magauni ya bazini yaliyopigwa wanga!

— Kaka yangu Ngagne, Mungu amrehemu, chini ya feni!

Tarumbeta aliwaacha wamalize.

— Na mama yako umemweka wapi?

— Sijui alikuwa anakaa wapi, baba.

— Hakukaa hata siku moja. Mweke katikati, penye dansi.

Yacine akamweka. Mzee akavaa hedifoni, akafumba macho. Punde vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vikaanza kubonyeza hewa.