Taa Nyekundu Getini

Benchi letu linatazamana na geti la yadi ya makontena. Wanaotuita wavivu wana haki yao, ila wajue hakuna jambo la mtaa huu linaloisha kabla halijapita hapa. Asubuhi hiyo tulikuwa wanne: mimi fundi viatu, Kinyozi, ambaye hajawahi kumaliza kichwa cha mtu bila kukipa nasaha, Mama Kahawa na birika lake, na Winchi, dereva wa kreni, mtu wetu. Winchi aliacha pombe mwaka jana, na tangu hapo tunajitapa mtaa mzima utadhani tumeiacha sisi. Pale getini madereva hupuliza kipimo cha pombe kabla ya kugusa mashine. Siku hiyo Winchi kapuliza, taa ikawaka nyekundu. Mlinzi akamtoa nje, akamwambia arudi mchana ajieleze kwa msimamizi. Akaja akakaa katikati yetu, kofia ngumu mapajani, kimya. Basi tukasema sisi.

— Kile kidude kimekufa, nilianza mimi. Kinapulizwa na yadi nzima, mate ya kila mtu. Kitaachaje kuchanganyikiwa?

— Kidude kizima, alisema Kinyozi. Hiyo ni dawa ya kikohozi. Zile za chupa zina spiriti. Winchi, si ulikuwa unakohoa jana?

Winchi alikuwa anatazama kofia yake.

— Alikohoa, nikamjibia. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Jana Winchi hakufika kijiweni kabisa.

— Au ndizi, alisema Mama Kahawa. Ndizi ikiiva kupita kiasi inachachukia tumboni. Mwanangu, hukula ndizi wewe?

— Kala, alisema Kinyozi. Kala ndizi, kashushia na dawa ya kikohozi. Hapo hata mtoto mchanga angewasha taa. Halafu mimi nilimpaka spiriti kidevuni nilipomnyoa. Ile inaingia kwenye ngozi, inashuka kwenye damu, inatulia huko inasubiri.

— Inasubiri nini?

— Kipimo.

Tulicheka. Winchi hakucheka.

— Mlinzi mwenyewe mnamsahau, nikasema. Anakishika kidude karibu na mdomo wake. Winchi kapuliza, mlinzi kapumua, mashine ikachukua ya mlinzi.

Mlinzi yule hatujawahi kumwona na kitu kikali kuliko chai, lakini mimi nikishaanza sijui kusimama. Kinyozi naye hakukubali kushindwa. Akasema kuna kontena la manukato limevuja humo yadini, upepo umepiga getini, na kama madereva wote wangepimwa upya wangekutwa wamelewa. Kisha akakimbilia dukani kwake, akarudi na chupa ya dawa ya kikohozi iliyofika nusu.

— Ushahidi huu hapa. Kunywa funda moja sasa hivi, ukifika mbele ya msimamizi unanuka dawa. Kesi kwisha.

Winchi akaipokea, akaishika bila kuifungua. Sote tukapata cha kutazama ng'ambo ya barabara. Tulijua tangu alipokaa. Ila nani angekuwa wa kwanza kumwambia? Tuliona haya kwa niaba yake, tukaifunika haya hiyo kwa maneno.

Ndipo akatokea kijana mwenye ovaroli, glavu mfukoni. Ni mfungaji mizigo, ndiye anayesimama chini ya kreni kufunga minyororo na kumpigia Winchi ishara za mkono. Tena kamwoa dada yake Winchi, kwa hiyo hapa tunamwita Shemeji.

— Shikamoo mama. Habari zenu, wakubwa.

— Umesikia mashine ilivyomwonea mwenzako? Kinyozi alimwahi. Sababu tunazo tele, chagua.

— Nimezisikia toka pale kona, kaka.

Hakukaa. Akamgeukia Winchi.

— Shemeji, nina swali moja tu. Nikifunga mnyororo mimi siangalii juu. Nikiangalia juu vidole vinabaki kwenye ndoano. Ya huko juu nimekuachia wewe. Sasa nikirudi kazini, nisimame pale chini au nisisimame?

Mimi niliyesikia kikohozi cha mtu asiyekuwepo, nikajifanya natafuta sindano.

— Usisimame, alisema Winchi.

Akainua macho kutoka kwenye kofia.

— Nilikunywa. Sikula ndizi wala nini. Juzi nimekunywa, jana nimekunywa, nimejifungia mlango kama mwizi ndani ya chumba changu mwenyewe. Taa ilipowaka nikasema afadhali, sasa itajulikana. Nikaja hapa, hawa wakaanza kunisafisha. Kila wakinisafisha, mdomo unazidi kuwa mzito.

— Ungeniita, alisema Shemeji.

— Nikuite nikuambie nini? Wewe ndiye uliyekuwa unawaambia watu nimepona.

— Nilikuwa najivunia wewe. Hata hivyo ungeniita.

— Niliona aibu.

Shemeji akatoa simu mfukoni.

— Dada yako kapiga simu, anauliza mbona umerudishwa. Nimwambie nini?

— Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe nikitoka kwa msimamizi.

— Na msimamizi?

— Nitamwambia hivi hivi.

— Watakushusha kwenye kreni.

— Wanishushe.

Akamrudishia Kinyozi chupa yake, akavuka barabara bila kusubiri mchana. Tulimwona akisimama mbele ya mlinzi, yule yule niliyemsingizia, wakaongea kidogo, mlinzi akamfungulia mlango mdogo wa geti.

Shemeji akakaa pale pale Winchi alipoinuka. Mama Kahawa akammiminia kikombe. Akakishika bila kunywa, akatuangalia mmoja mmoja, bila hasira.

— Na nyinyi mlikaa naye hapa asubuhi yote, alisema. Harufu hamkuisikia?

Mama Kahawa akainamia birika. Kinyozi akakumbuka ana mteja. Mimi nikachukua kiatu nilichokwisha kukishona, nikaanza kukishona tena.