Baudouin Lubunga Etabo, Mkalimani wa Rubondo (1968–2025)

Mchungaji wetu, wazee, wafiwa, majirani wa Rubondo na ninyi mliofika kutoka Ngarama na Mbarara, mimi ni Parfait, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea habari za maisha yake kabla hatujamteremsha kaburini.

Baudouin alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 kijijini Mboko, Fizi, katika jimbo la Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa pili wa fundi seremala Etabo na mama yetu Perpétue, ambao wote wawili wametangulia. Alisoma shule ya msingi palepale Mboko, akaendelea na sekondari mjini Uvira, akapata diploma yake ya Serikali mwaka 1988, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha Kifaransa na historia, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na mitatu, miaka mingine bila mshahara wowote, akilipwa mihogo na wazazi wa wanafunzi.

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na Bernardine, huyu mjane mnayemwona hapa, na Mungu akawajalia watoto watatu, Pascaline, Doriane na Appolinaire, ambao katikati yao Doriane alitutoka akiwa na miaka minne kwa ugonjwa wa surua.

Vita vilipofika hadi kwenye ua wa shule, mwezi wa kumi mwaka 2012, tulikimbia pamoja, tukapitia Burundi na Rwanda, tukaingia kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tarehe 3 Desemba, tukapewa kiwanja hapa Rubondo, naye akapanda maharage, mahindi na migomba akisema kwamba mwalimu asiye na darasa lazima awe na jembe.

Mwaka 2014 ofisi ya kambi ilimchukua kuwa mkalimani, kwa kuwa alijua Kibembe, Kifuliru, Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, na Kiingereza alikuwa amejifunza mwenyewe kwa kusoma kila karatasi iliyobandikwa ukutani. Kwa miaka kumi kila agizo lililotoka juu lilitufikia kwa mdomo wake, chakula kilipopunguzwa ni yeye aliyetuambia, familia zilipogawanywa katika makundi, hawa wapate na hawa wasipate, ni yeye aliyesoma majina, na siwezi kuficha mbele ya jeneza lake kwamba wako wengi kati yetu waliomchukia kwa hilo, waliomwita mdomo wa ofisi, na mimi mdogo wake nilikaa mwaka mzima bila kula mezani pake.

Tarehe 12 Juni 2024 tuliitwa mkutanoni kuelezwa utaratibu mpya, kwamba kila kiwanja kitakatwa nusu ili wageni wanaozidi kufika wapate pa kukaa, na kwamba kazi ingeanza wiki hiyohiyo, mahindi yakiwa bado mabichi. Mama Cansilde, mzee wetu kutoka Burundi, alisimama akasema kwa Kirundi, "Mwanangu, waulize, kaburi la mume wangu liko kwenye ile nusu inayokatwa, nitalihamishia wapi?" Baudouin aligeuza maneno hayo kwa Kiingereza, afisa akatazama saa yake, akajibu kwamba ofisi itaangalia.

Marehemu, kipaza sauti kikiwa mkononi, akamgeukia afisa, akamwita bwana kwa lugha ya wenyeji, akasema kwa Kiswahili ili sisi wote tusikie, "Sebo, hiyo siwezi kumwambia huyu mama, kwa sababu nimeshawaambia watu hivyo miaka kumi, na hakuna siku ofisi iliangalia."

Afisa naye akaacha Kiingereza chake. "Wewe nani amekuuliza? Kazi yako ni kugeuza maneno tu! Geuza!"

"Sigeuzi, sebo," akasema, akakiweka kipaza sauti juu ya meza, akaja akaketi chini pamoja nasi.

Ndugu zangu, ningependa kuwaambia kwamba siku ile kitu kilibadilika, lakini hakikubadilika, kwani kipaza sauti kilichukuliwa na Isimbi, binti ambaye marehemu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, akageuza kila neno bila kosa, tukapanga mstari tukaweka dole gumba, viwanja vikakatwa, na kaburi la mume wa Mama Cansilde leo liko nyuma ya choo cha watu wasiomjua. Kesho yake Baudouin alifukuzwa kazi, na Bernardine alipomuuliza, "Baba Pascaline, sasa tutakula nini?" alimjibu, "Sijui, mama, lakini sikukuwa tena na mudomo ya kusema ile neno."

Mwezi wa pili mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba, na zahanati ikaona kwamba ni figo, akaandikiwa kwenda Mbarara, lakini kulikuwa na agizo jipya kwamba wenye magonjwa ya muda mrefu wasubiri orodha ya ofisi, akasubiri miezi saba, na alipoitwa dirishani pa ofisi karani alimweleza kwa Kiingereza kwamba jina lake halimo katika orodha. Isimbi alikuwepo akaanza kumgeuzia huku machozi yakimtoka, naye akamshika mkono akasema, "Usijichoshe, binti yangu, nimesikia."

Ninyi majirani mlichanga, wengine mliuza mbuzi, tukamfikisha Mbarara tarehe 20 Septemba, figo zote mbili zikiwa zimekwisha kufa, akalala siku kumi na tisa, na Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akakata roho akiwa na miaka hamsini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, ambao walitwambia ukweli kwamba alichelewa, kwaya na wazee wa kanisa, majirani wa pande zote, wakalimani wenzake, na Mama Cansilde aliyelala na mjane tangu msiba ulipoingia.

Jana jioni ililetwa barua ya ofisi kwa jina la Bernardine, aliyeileta akasema tu kwamba inahusu kiwanja, sasa kwa kuwa mwenye jina amefariki. Ni ya Kiingereza, na katika familia yetu mtu aliyejua kusoma barua hizo ni huyu tuliyekuja kumzika.

Kaka, pumzika kwa amani mikononi mwa Bwana, nami nakuomba radhi kwa mwaka ule ambao sikula mezani pako. Jumatatu tutampelekea Isimbi ile barua.